Gunpei Yokoi: Fundi wa mitambo ya karata aliyetutilia gemu mfukoni

Kama umewahi kushika pedi ya gemu, basi kidole gumba chako cha kushoto kinamfahamu Gunpei Yokoi hata kama wewe hujawahi kulisikia jina lake. Kile kitufe chenye umbo la msalaba, cha kwenda juu, chini, kushoto na kulia, ni yeye aliyekibuni. Na kama umewahi kucheza gemu ndani ya matatu, foleni imegoma kusonga na konda amechoka kupiga kelele, hapo pia unapita njia aliyoifungua yeye.

Lakini jamaa huyu hakuanza kazi kama bingwa wa kompyuta. Alianza kama fundi wa kutunza mitambo kwenye kiwanda cha karata. Aliinuka, akaanguka mbele ya dunia nzima, na alipokuwa anajaribu kuinuka tena, barabara ikamchukua.

Hebu tuanze mwanzo.

Mkono wa kuchezea

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, mwaka wa 1941. Alisomea masuala ya elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, hapo hapo Kyoto, na mwaka wa 1965 akapata kazi Nintendo.

Sasa, usifikirie Nintendo hii ya leo. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1889 kutengeneza karata za Kijapani zenye picha za maua, na karata ndizo zilizokuwa bado zinaipa ugali. Kazi ya Yokoi ilikuwa kuhakikisha mitambo ya kutengeneza karata hizo haizimi. Mitambo ikifanya kazi vizuri, fundi hana shughuli. Na fundi asiye na shughuli, akiwa na vifaa karibu, ataunda kitu tu.

Yokoi aliunda mkono wa kuchezea. Vipande vilivyoungwa kama mkasi juu ya mkasi: ukibana mishikio, mkono unarefuka mbele na kudaka kitu kilicho mbali. Alijiundia mwenyewe, wa kupitisha wakati.

Siku moja rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akapita kiwandani na kuuona. Yamauchi hakuwa mtu wa mchezo. Wafanyakazi walimwogopa. Fundi kukutwa na mwanasesere saa za kazi ni jambo ambalo kwingine lingekupa barua ya kwenda nyumbani. Badala yake Yamauchi akamwagiza autengeneze kama bidhaa ya kuuzwa. Mwaka wa 1966 ukaingia madukani kwa jina la Ultra Hand, na zaidi ya milioni moja zikanunuliwa.

Hapo ndipo maisha ya Yokoi yalipogeuka. Hakurudi tena kwa mitambo ya karata. Akawa mtu wa kubuni vitu vya kuchezea: mashine ya kurusha mipira ya besiboli ndani ya nyumba, kifaa cha kupima mapenzi kati ya wawili walioshikana mikono, bunduki za mwanga ambazo shabaha yake ilitumia seli za sola kutambua kama umelenga.

Ukiangalia vitu hivyo vyote, utaona tabia moja. Yokoi hakuwa anakimbilia teknolojia mpya. Kile kipima mapenzi, kwa mfano, kilikuwa kifaa cha kawaida tu cha kupima umeme unaopita mwilini. Kila fundi wa umeme alikijua. Alichofanya Yokoi ni kukipa kazi ambayo hakuna aliyeifikiria: kuwapa vijana wenye haya kisingizio cha kushikana mikono.

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake maisha yake yote. Chukua teknolojia iliyozeeka kidogo, iliyoshuka bei, ambayo kila mtu anajua inavyofanya kazi na inavyoharibika, kisha itafutie matumizi mapya kabisa. Kwa lugha ya mtaani, usishindane na mwenye pesa kwa pesa. Shindana naye kwa akili.

Abiria na kikokotoo chake

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi alikuwa ndani ya ile treni ya kasi ya Japani. Akamwona mfanyabiashara mmoja amechoka na safari, anabonyezabonyeza kikokotoo chake bila kuhesabu chochote. Mtu mzima na suti yake, anacheza na vitufe ili wakati upite.

Yokoi akajiuliza: je, mtu kama huyu angepewa mchezo mdogo, wa kufichika viganjani, asioonea haya mbele ya abiria wengine?

Wakati huo kampuni za vikokotoo zilikuwa zimeshindana hadi bei za skrini zake ndogo na vipuri vyake zikaanguka. Vifaa vilikuwa tele na vya bei rahisi. Aprili 1980, Nintendo ikatoa mchezo wa kwanza wa Game & Watch, gemu ndogo ya mkononi yenye saa ndani yake. Kufikia mwisho wa mfululizo huo, zaidi ya milioni 43 zilikuwa zimeuzwa duniani.

Mwaka wa 1982 likaja tatizo. Nintendo ilitaka kuweka Donkey Kong kwenye Game & Watch. Gemu hiyo ilikuwa imetikisa kumbi za michezo mwaka mmoja kabla, kazi ya kijana aliyeitwa Shigeru Miyamoto, na Yokoi ndiye aliyemsimamia. Kwenye ukumbi ulikuwa unacheza kwa rungu refu la kuyumbisha. Rungu hilo utaliweka wapi kwenye kitu kinachokunjwa na kutiwa mfukoni?

Yokoi akalipiga bapa. Akabaki na msalaba mmoja wa plastiki unaobonyea pande nne, ambao kidole gumba kinaweza kuusoma bila macho kuangalia chini. Mwaka uliofuata msalaba huo ukahamia kwenye pedi za Famicom, ile mashine ya Nintendo ya kuunganishwa na runinga. Tangu hapo haujaondoka.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Gemu kubwa ilibanwa iingie kwenye kitu kidogo, na katika kubanwa huko kikazaliwa kitu ambacho mashine kubwa zenyewe zilikuja kukiazima. Yokoi angelifanya jambo hilo tena, kwa upana zaidi.

Kijivu dhidi ya rangi

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, gemu za kwenye runinga ndizo zilizotawala. Super Mario Bros. ilitoka mwaka wa 1985. Mwaka wa 1986 kitengo cha Yokoi kikatoa Metroid, gemu ya mapambano ndani ya mapango ya sayari ngeni, ambapo shujaa wake, Samus Aran, amefunikwa na deraya kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Ukiimaliza haraka, deraya inavuliwa, na unagundua kwamba muda wote huo ulikuwa unapigana kama mwanamke. Kwa vijana wengi wa wakati huo, kidevu kiliwaanguka.

Swali likawa: je, dunia hizo zinaweza kubebwa mfukoni? Si mchezo wa kupitisha dakika mbili kama Game & Watch. Safari nzima.

Ndani ya timu hawakukubaliana mara moja. Yokoi alikuwa anafikiria kitu rahisi, ndugu mkubwa wa Game & Watch. Msaidizi wake, mhandisi Satoru Okada, alitaka mashine yenye nguvu zaidi, ya kubadilisha kaseti, itakayoishi miaka mingi. Walivutana, na mwishowe Yokoi akamwachia Okada nafasi. Si kila mkubwa wa kazi anaweza kufanya hivyo. Lakini kwa jambo moja Yokoi alishika msimamo: rangi hapana.

Game Boy iliingia sokoni Japani tarehe 21 Aprili 1989. Skrini yake ilikuwa na nukta 160 kwa 144 na vivuli vinne tu, kwenye kioo chenye rangi ya kijani kama maji ya bwawa. Haikuwa na taa ndani. Gizani huoni kitu.

Washindani wakacheka. Atari ilitoa Lynx mwaka huo huo, ina rangi na ina taa. Sega ikafuata mwaka wa 1990 na Game Gear, nayo ina rangi. Ukiziweka mezani pamoja, Game Boy ilionekana kama mjomba aliyekuja harusini na koti la kazi.

Lakini rangi na taa zinakula moto. Lynx na Game Gear zilitumia betri sita, zile ndogo ambazo nyumbani tunaziita mawe, na kwa saa chache tu zimekwisha. Game Boy ilitumia nne na kucheza saa 15 hivi au zaidi. Marekani iliuzwa kwa chini ya dola 90, wakati Lynx ilikuwa karibu dola 180. Tena ilikuwa imara. Ikianguka, unaiokota na kuendelea.

Nani alishinda? Game Boy pamoja na mdogo wake wa rangi, Game Boy Color, ziliuza zaidi ya milioni 118. Mtu yeyote aliyewahi kukaa siku mbili bila stima na simu ina asilimia tatu anaelewa ni kwa nini.

Jinsi ya kumpunguza Mario

Mashine bila gemu ni plastiki tu. Kazi ya kumleta Mario mfukoni haikupewa Miyamoto, aliyemzaa. Ilipewa kitengo cha Yokoi, naye akawa mtayarishaji wa Super Mario Land, iliyotoka siku moja na Game Boy huko Japani.

Hesabu yenyewe ilikuwa ngumu. Skrini ya Game Boy ilikuwa na nukta pungufu ya nusu ya zile za mashine ya runinga. Tena kioo chenyewe kilikuwa kizito: kitu kikipita haraka, kinaacha ukungu nyuma yake. Ukimleta Mario na dunia yake yote jinsi ilivyo, mchezaji hataona anakokwenda.

Kwa hivyo hawakujaribu kunakili. Mario akafanywa mdogo sana ili dunia ipate nafasi. Safari ikafupishwa kuwa hatua 12, kitu unachoweza kukimaliza kabla safari yako haijaisha. Kobe aliyekanyagwa hakuacha gamba la kupiga teke, gamba lililipuka. Badala ya mipira ya moto, Mario akarusha mpira unaodunda. Sehemu nyingine akapanda nyambizi, nyingine ndege, na gemu ikawa ya kufyatua risasi.

Mashabiki wengine hadi leo wanasema huyo si Mario kamili, ana harufu ya nyumba nyingine. Wana haki. Lakini zaidi ya kaseti milioni 18 zilinunuliwa.

Mabega ya Samus

Mfano mzuri zaidi wa kazi hii, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni Metroid II: Return of Samus, iliyotoka Marekani mwaka wa 1991. Yokoi alikuwa mtayarishaji tena. Hiroji Kiyotake na Hiroyuki Kimura ndio walioiongoza.

Hapa timu ilifanya kinyume cha Mario. Badala ya kumpunguza shujaa, walimfanya mkubwa kwenye skrini ili kila kiungo chake kionekane. Bei yake ni kwamba unaona kipande kidogo tu cha pango. Adui anaweza kukutokea kwa ghafla. Lakini katika gemu inayohusu kuwinda viumbe hatari gizani, ufinyu huo ulikuwa dawa. Unasonga polepole, moyo unadunda, hujui kilicho nyuma ya ukuta.

Kisha likaja tatizo la rangi. Katika Metroid ya kwanza, Samus akipata deraya yenye nguvu zaidi, rangi yake inabadilika na mchezaji anajua. Akichagua makombora, rangi inabadilika tena. Sasa kwenye vivuli vinne vya kijivu, utaonyesha vipi?

Jibu likawa umbo. Deraya mpya ikapewa mabega makubwa ya mviringo, kama mipira miwili. Mdomo wa bunduki ukafanywa ufunguke makombora yanapowekwa tayari. Kilichokosekana kwenye rangi kikasemwa na mchoro.

Na hapa ndipo hadithi inaponoga. Super Metroid ilipotoka mwaka wa 1994, kwenye mashine ya runinga yenye rangi za kila aina, mabega yale yalibaki. Yapo hadi leo. Ukimwona Samus kwenye gemu nyingi za kisasa, yale mabega unayoona ni kovu la Game Boy. Upungufu wa mashine ndogo uligeuka kuwa sura rasmi ya shujaa.

Timu ilifikiria hata jinsi mtu anavyocheza akiwa safarini. Katika Metroid ya kwanza iliyouzwa nje ya Japani, ukitaka kuendelea kesho lazima uandike nambari ndefu ya siri kwenye karatasi. Nani ana kalamu akiwa kwenye kiti cha basi? Metroid II ikawekwa vituo vya kuhifadhi safari yako ndani ya gemu. Na kwenye kona ya skrini kukawa na hesabu ya windo zilizobaki, kuanzia 39. Ukiua za kutosha, asidi iliyofunika njia inashuka na unazama chini zaidi.

Mwisho wake hakuna aliyeutarajia. Baada ya kuangamiza karibu ukoo mzima, Samus anakuta yai moja. Linaanguliwa mbele yake, na kile kitoto kinamfuata kama mama yake. Hakipigi risasi. Wanatoka pamoja, polepole, na kitoto kinamfungulia njia. Yote hayo kwa vivuli vinne na bila neno moja kutamkwa.

Mashine nyekundu

Ingekuwa vizuri hadithi iishie hapo. Haikuishia.

Mwaka wa 1995 Nintendo ilitoa Virtual Boy, wazo ambalo Yokoi ndiye aliyelisukuma. Ilikuwa kama miwani mikubwa iliyosimama mezani kwa miguu miwili. Unainama, unatumbukiza uso, na unaona picha zenye kina. Ili kubana gharama, alitumia taa nyekundu peke yake. Kwa hivyo kila kitu kilikuwa chekundu juu ya cheusi.

Ile falsafa iliyomwinua ndiyo iliyomponza. Kwenye Game Boy, kuacha rangi kulimpa mnunuzi kitu: bei nafuu na betri ya kudumu. Kwenye Virtual Boy mnunuzi alipata nini? Haikuwa ya mfukoni. Haikuwa ya kucheza na rafiki aliye kando yako. Wengi walilalamika kuumwa kichwa na macho. Ilitolewa sokoni kabla hata ya kumaliza mwaka, ikiwa imeuza takriban 770,000 tu. Kwa Nintendo, hiyo ilikuwa aibu.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo, kile kijivu chake cha zamani kilikuwa kinafufuka. Februari 1996 gemu za kwanza za Pokémon zilitoka Japani kwa Game Boy, na waya wa kuunganisha mashine mbili ukapata kazi yake kamili: watoto kubadilishana viumbe. Mwaka huo huo Yokoi akakamilisha Game Boy Pocket, nyembamba na nyepesi zaidi.

Kisha, Agosti 1996, akaondoka. Baada ya miaka 31. Watu wengi walisema amefukuzwa na aibu ya Virtual Boy. Yeye alikana, akasema alikuwa amepanga kitambo kujitegemea.

Barabarani

Alianzisha kampuni yake ndogo Kyoto, Koto Laboratory, na kuanza kubuni mashine nyingine ya mkononi pamoja na Bandai. Ilikuwa ile hadithi ya mwanzo tena: skrini isiyo na rangi, bei ya chini, betri moja tu.

Hakuiona ikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, gari alilokuwa akisafiria lilihusika kwenye ajali katika barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Aliteremka kuangalia uharibifu, na gari lingine lililokuwa likipita likamgonga. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Mashine hiyo, WonderSwan, ilitoka Machi 1999. Mojawapo ya gemu zake za kwanza, ya kupanga mistari, iliitwa Gunpey kwa heshima yake. Mwaka wa 2003 watengenezaji gemu wakampa tuzo ya mchango wa maisha, mwenyewe akiwa tayari kaburini.

Kuna vijana wengi Nairobi, Mombasa na Kisumu wanaotaka kutengeneza gemu na programu za simu, lakini wanasubiri kwanza kompyuta ya maana, intaneti ya maana, pesa za maana. Yokoi alisubiri nini? Alikuwa na kiwanda cha karata, muda usio na kazi na vipande vya kuunganisha. Simu ya bei nafuu aliyonayo jirani yako ina nguvu mara nyingi kuliko Game Boy.

Ila ukimwiga, mwige mzima. Usichukue Game Boy ukasahau Virtual Boy. Kitu cha bei rahisi si kizuri kwa sababu ni rahisi. Ni kizuri kikimfaa yule mtu aliyekaa kwenye treni, amechoka, anabonyezabonyeza kikokotoo. Siku Yokoi alipomwona mtu huyo, alishinda. Siku alipoacha kumwona, alibaki na mashine nyekundu mezani isiyo na mnunuzi.

Leo jioni ukiwa kwenye matatu, angalia abiria wa kando yako anafanya nini na vidole vyake. Huenda wazo lako liko pale.